Mzee Mawimbi na Kijani cha Ng'ambo ya Mlima

Ndugu, majirani na waombolezaji wote, anayewasomea ni mdogo wake marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma, asiyejua kupamba maneno, na marehemu mwenyewe aliagiza asipambwe.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Mawimbi kwa kupenda kwake redio za kuitana na kujibizana hewani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi saa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akasoma shule ya msingi ya mtaani hapo hadi mwaka 1965, kisha chuo cha ufundi, na mwaka 1972 akaajiriwa na kampuni ya simu kama fundi wa laini, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2006, akiwa amegombana na mabosi wanne na hajamwomba radhi hata mmoja.

Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko redio zake zote, wakajaliwa binti mmoja, huyu aliyeketi mbele yenu, na mkewe alipofariki mwaka 2020 nyumba ikapoa, zikabaki redio, kompyuta ya mtumba na yeye.

Binti yake, muuguzi, alipopangiwa zahanati ya ng'ambo ya mlima, kusikoshika simu, alimtaka baba wahame pamoja, mzee akang'aka kwamba hang'oki, binti akajibu, "Haya, baki na milingoti ya redio zako," akaondoka na hasira zake, ila redio aliyopewa na baba aliibeba.

Wakati huo klabu ya mzee na wapenzi wenzake wa redio ilikuwa imeweka ripita kilimani, yaani mtambo unaopokea sauti dhaifu na kuirusha tena mbali, na marehemu, aliyejifundisha kompyuta peke yake, alitumia programu inayosoma milima na mabonde na kupaka kijani kwenye ramani kila mahali sauti inapofika. Zahanati ilikuwa kijani. Basi kila jioni saa moja akawa anaita, anangoja, anazima, na kwa kuwa ramani ilisema anasikika, akaamini kwamba mwanawe anamsikia na kumnyamazia, majirani wakimtania, "Mawimbi, leo malaika wamejibu?", naye akicheka nao, kisha akiingia ndani na kufunga mlango mapema.

Upande huu wa mlima ripita ilishika vizuri, hivyo hakuna aliyeitilia shaka ramani, mpaka Februari 2024, alipokuwa akichora nyingine kwa ajili ya klabu, akaliona kosa lake: pale programu ilipotaka urefu wa mlingoti kutoka ardhini, mita kumi na mbili tu, yeye alikuwa ameandika urefu wa kilima kizima kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kompyuta ilidhani antena inaning'inia mawinguni, ikichungulia juu ya kila kilele. Akasahihisha, na kijani chote cha ng'ambo kikafutika. Hakutafuta wa kumlaumu. Alipanda gari la asubuhi, ramani zote mbili kwapani, akamkuta binti akipanga chupa za dawa, akamwambia, "Mama, kumbe nilikuwa sifiki," na binti akakaa sakafuni, maana naye jioni zote hizo alikuwa akiita, akidhani baba kamsusa.

Walichagua pamoja kilele cha ripita ya pili, lakini kibali kilichelewa, moyo wa marehemu ukaanza kuchoka mwezi Mei, binti akaja kumuuguza, na tarehe 19 Agosti 2024, wodini, akatutoka, bila kuwahi kuisikia sauti ya mwanawe hewani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, pamoja na utani wenu, mafundi wenzake wa simu, na wanaklabu ambao juzi, kibali kilipotoka, waliubeba mlingoti wa ripita ya pili mgongoni hadi kileleni na kuiwasha.

Binti atarudi kazini wiki ijayo, na jioni saa moja ataita, na sauti yake itavuka mlima hadi kwenye meza ya baba yake, maana kijani cha safari hii ni cha kweli. Redio ya marehemu iko palepale mezani. Tumeiacha inawaka.

Pumzika, kaka. Sasa unafikiwa.