Risala ya Mafundi wa Ghorofa ya Chini Kuhusu Kioo Kisichotambulika

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa kampuni iliyotuletea simu mpya tunazoziona mezani leo. Meneja wa jengo hili. Wateja wetu, majirani na ndugu zetu wote:

Karibu sana. Wewe umeingilia mlango wa mbele wenye zulia. Sisi huingilia ule wa nyuma, lakini leo tumepanda ngazi kuja kukupokea, tena tumevaa mashati yasiyo na madoa ya gundi. Tumefurahi kukuona, na furaha yetu ina sababu: kuna jambo limetuvuruga akili, na hatukuwa na wa kumuuliza.

TULIKOTOKA

Umoja wetu ulianzishwa na mafundi redio. Enzi zao kifaa kilifunguliwa kwa bisibisi, kikaonyesha matumbo yake yote, na ukikuta waya umekatika ulishajua pa kushika. Zikaja televisheni, zikaja kompyuta, zikaja simu, nasi tukajifunza kila kilichoteremka sokoni.

TULIYOYAFANYA

Tumefufua simu zilizokanyagwa na magari, na moja iliyofuliwa pamoja na suruali, ikatoka safi lakini bubu. Ikaja kusema. Walimu, wauguzi na wenye maduka wa mtaa huu wanafanya kazi zao kwa vifaa vilivyopita mikononi mwetu.

YANAYOTUTATIZA

Mgeni rasmi, vifaa vya siku hizi hatuvielewi. Hatusemi ni vibaya. Kompyuta zimekuwa nyembamba kama sahani, ila kumbukumbu yake imechomelewa kwenye bodi, ule ubao unaobeba mitambo yote. Mteja akitaka kuongezewa tunamwambia anunue kompyuta nyingine, naye anatutazama kana kwamba tumemtukana. Spika za masikioni zimezibwa kwa gundi, betri ikichoka zinatupwa. Imekuja simu inayokunjwa kama leso, nasi tunaishika kama yai. Hayo tumeyameza. Lililotukwama kooni ni la mwenzetu tunayemwita Mama Kibano.

Mama Kibano ana mdogo wake wa kiume, dereva wa lori. Huyu alinunua simu mbili za kampuni yako, toleo moja, rangi moja: moja ya mke wake, moja ya mama yao mzazi. Ya mama ikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Bodi ikafa, kioo kikabaki kizima. Ya mke ikaanguka ngazini. Kioo kikapasuka, bodi ikabaki nzima. Fundi gani asingefurahi? Mama Kibano akatoa kioo cha simu ya mama yake, akakifunga kwenye simu ya wifi yake. Ikawaka. Kisha ikaandika: "Kioo hiki hakitambuliki. Huenda si halisi." Mwangaza ukafifia wenyewe, na kamera ya mbele ikagoma.

Akafungua, akasafisha, akafunga tena. Maneno yale yale. Tulimwona ameketi mbele ya kazi yake amekunja mikono, na yeye si mtu wa kukunja mikono.

Wifi yake alipofika akasoma. "Wifi, kioo cha mama mkwe umekipeleka wapi?"

"Si hicho ulichoshika?"

"Mbona simu yenyewe inakikana?"

Dereva akaitwa, akaja moja kwa moja kutoka safarini. Akasoma, akarudia kusoma, halafu akatamka neno ambalo kila mmoja wetu alilisikia kutoka mezani kwake: "Dada, simu haina sababu ya kusema uongo."

"Na mimi ninayo?"

Alichukua simu akaondoka. Tangu hapo, kwa mama yao, mmoja akiingia mwingine anaaga.

Sisi tukaona aibu hiyo ni ya wote. Tukanunua simu mbili mpya za toleo lile lile, tukamwita dereva, tukafungua maboksi mbele yake na kubadilishana vioo. Zote mbili zikaandika hazivitambui. Tukapiga makofi tukidhani yamekwisha. Dereva akatutazama kwa huruma.

"Poleni. Na hizi mmeuziwa feki."

Tuliporudisha kila kioo mahali pake, simu zikatulia kama hazikuwahi kusema kitu. Mpaka leo hatujui tushike lipi. Mmoja wetu anasema ni kinga dhidi ya wezi. Mwingine anasema ni biashara tu. Mwenyekiti wetu anawaunga mkono wote wawili.

Mwishowe mama yao akateremka ngazi zetu taratibu, dereva nyuma yake, akaiomba ile simu kwa mwanawe, akaiinamisha kwenye taa.

"Mkwaruzo huu wa pembeni niliuweka mimi, kwa pete yangu. Hiki ni kioo changu."

"Mama, imeandikwa hakitambuliki."

"Na nani? Mimi nakitambua."

Dereva akamtazama mama, akaitazama simu, akamtazama dada yake. "Sasa mimi nimwamini nani?" Hakuna aliyecheka, maana alikuwa anauliza kwa dhati.

TUNAYOOMBA

Hatuombi simu za bure. Tunaomba utueleze, kwa maneno ya kawaida, kwa nini simu haimjui pacha wake aliyetoka naye kiwanda kimoja. Kama kuna chombo cha kuzitambulisha, tuuzieni na sisi.

Na ombi zito kuliko hayo: badilisheni ile sentensi. Simu iseme tu, "Kioo hiki kimetoka kwenye simu nyingine." Hiyo ni kweli, na haigombanishi watu. Ikisema "si halisi", mwenye simu hakitazami kiwanda, mgeni rasmi. Anamtazama fundi.

KABLA YA KUHITIMISHA

Asubuhi hii, tulipokuwa tunatoa viti kuvileta huku juu, dereva aliteremka kwetu. Salamu ilimtoka nusu. Akaketi kwenye benchi la wateja, akaweka mezani simu yake mwenyewe, mgongo umetuna.

"Dada, betri imevimba. Nibadilishie."

Mama Kibano hakuinua uso. "Nikiibadilisha, itaandika si halisi."

"Iache iandike."

Ndiyo maana humwoni ukumbini. Yuko chini anaifungua, na mdogo wake amemshikia taa.

Mgeni rasmi, Mungu akufikishe salama kwa wanao, na awajalie wanaobuni vifaa hivi kutukumbuka na sisi tunaovifungua.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi wa Ghorofa ya Chini