Efrazia na Swali la Kilima

Tarehe 30 Juni, muuguzi wetu Mama Efrazia Ntirandekura anastaafu; atavua koti jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na miwili: kumi na mitano Muyinga, iliyobaki katika kliniki yetu ya moyo hapa Gitega.

Kosa lake kubwa tunalijua sote, kwa sababu humsimulia kila muuguzi mgeni siku ya kwanza. Asubuhi moja, katika kituo cha afya huko Muyinga, walifika wagonjwa wawili. Abubakari, mpagazi wa mpakani Kobero, aliingia ameshika kifua kwa mikono miwili, akitangaza kwamba anakufa. Akapewa kitanda papo hapo. Salima, muuza vitenge, alieleza kwa upole kwamba amechoka, ana kichefuchefu, na mgongo na taya vinamuuma. Efrazia akampa dawa ya kiungulia na kumruhusu.

Abubakari alikuwa ameteguka msuli akinyanyua gunia. Salima hakufika mbali. Efrazia alimkuta ameketi langoni, jasho baridi likimtoka. Ulikuwa mshtuko wa moyo. Alimrudisha ndani akimshikilia, akampandisha gari la wagonjwa, na hakumwachia mkono hadi hospitali. Salima alipona.

Tangu hapo Efrazia hakuacha kufundisha. Wanawake nao huumwa kifua, lakini dalili kama za Salima huwajia mara nyingi kuliko wanaume. Mishipa ya moyo wao kwa kawaida ni myembamba zaidi. Homoni huwakinga kwa kiasi fulani, kisha hedhi ikikoma, kinga hiyo hupungua. Na aliyewahi kupata presha akiwa mjamzito aendelee kupimwa hata mtoto akishakua.

Kwa kuwa mama zetu wakiulizwa wanaumwa nini husema ni uchovu wa jembe tu, alibuni swali lake: ukipanda kilima chenu, mwezi uliopita ulipumzika mara ngapi, na sasa mara ngapi? Daktari Venansi alilicheka, mpaka mama yake mzazi alipojibu kwamba mara moja imekuwa nne. Leo mama huyo anatibiwa kwetu, na swali limo kwenye fomu.

Salima, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu sita, ametuma kitenge cha kuagia. Aliyekibeba kutoka Muyinga ni Abubakari, mzima kabisa.

Mama Efrazia anahamia Buraza, kwenye nyumba iliyo juu kabisa ya kilima. Asante kwa yote, mama yetu. Uishi kwa afya na furaha tele. Tutakuja kukuamkia, na tukifika mlangoni tutakwambia kweli tumepumzika mara ngapi.