Mwalimu Aliyekubali Kusahihishwa

Tunayemsindikiza leo, ambaye nyumbani tulimwita Baba Mkubwa na chuoni wakamwita Kwanini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa tano wa fundi cherehani. Bibi yake alipoteza mwana katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwana huyo alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, hakurudi. Kila mjukuu aliyejua kusoma, bibi alimuuliza: "Hivi walikuwa wanagombea nini?" Wengine walichekacheka tu. Yeye swali lilimkaa moyoni.

Alimaliza sekondari mwaka 1959, akapata shahada ya historia 1966. Alipoanza kufundisha chuo kikuu, 1968, alijifunza Kijerumani kwa kamusi ili asome nyaraka za vita hivyo mwenyewe, asisimuliwe.

Tarehe 8 Agosti 1970 alimwoa mkutubi wa chuo. "Alikuwa anachelewesha vitabu makusudi," mjane wake husema, "apate sababu ya kuja kuniomba radhi."

Mwaka 1983 alichapisha kitabu kilichoibebesha dola moja ya Ulaya lawama yote ya vita vile. Kilimpa jina. Miaka tisa baadaye, mwanafunzi wake wa zamani akatoa chake, akionyesha kwamba mwalimu alisoma telegramu za upande mmoja tu, na kwamba wakubwa wa dola nyingine nao walichochea moto.

"Mjibu huyo binti, amekuvunjia heshima!" wenzake walimshikilia.

Alijifungia siku nne na kitabu hicho. Sahani zilirudi jikoni kama zilivyokwenda. Siku ya tano akamwambia mkewe, "Mama, huyu mtoto kaniweza."

Kwenye mkutano wa wanahistoria, watu wakisubiri vumbi litimke, alisimama. "Nilikosea. Kuanzia ukurasa wa 212, msinifuate mimi. Mfuateni yeye." Mwaka 1997 wawili hao walitoa kitabu kimoja, jina la binti likitangulia.

Hakuwa malaika, mezani alibishana hadi chai ikapoa.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2021. Kila Jumatano mwanafunzi huyo alikuja kumsomea, naye akisikia hoja dhaifu aliinua kidole. Alifariki hospitalini Jumanne, 6 Februari 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, dada mmoja, wajukuu saba na watoto wanne. Wa kuzaa ni watatu. Wa nne ni yule mwanafunzi. Marehemu mwenyewe alituagiza tumwandike hapa.

Mungu ampumzishe kwa amani.