Gitaa la Mpini wa Jembe

Basi letu la kwenda Kasulu lilikuwa limeshatoka Kibondo mkulima mmoja wa makamo, Venanti, alipotokea vichakani na kulisimamisha kwa mpini wa jembe. Alipokaa tu, vidole vyake vikaanza kutembea juu ya mpini, uliochorwa mistari ya mkaa kama shingo ya gitaa.

"Gitaa la kwaya ya Rungwe Mpya nalipata Jumamosi tu, kama leo," alimweleza Abdulrahmani, muuza vitenge aliyekaa kando yake, aliyewahi kupiga gitaa kwenye bendi. "Siku nyingine, asubuhi nabadilisha vidole hapa, jioni napiga mdundo pajani. Baada ya Pasaka nampigia binti yangu harusini!"

"Mzee, sugu zako ziko kiganjani! Gitaa linataka sugu za ncha za vidole. Jifunze mikao mitatu ya vidole, wimbo mmoja."

"Mmoja? Watu wacheze huo mpaka asubuhi?"

Tulicheka basi zima.

"Haya, badilisha mitatu bila kutazama. Ukiweza, nashuka nawe Rungwe Mpya nikufundishe."

Venanti akafumba macho. Vidole havikukosea.

Basi likasimama Rungwe Mpya. Kasulu ilikuwa siku ya gulio alilokuwa akiliendea na vitenge vyake, na basi jingine siku hiyo halikuwepo. Abdulrahmani akashusha pumzi.

"Kondakta, niteremshie vitenge vyangu."

Wakashuka.

"Wimbo mmoja, mzee!"

"Miwili!"