Rungu la Mkono Mmoja

Benchi letu liko nje ya ukumbi wa mieleka wa mtaa wetu hapa Kolhapur, India, mkabala na jiko la chai la Mama Shevanta. Ndani, Hanuman, mungu mwenye sura ya nyani anayewalinda wanamieleka, amechorwa ukuta mzima. Sisi wa benchi hatujawahi kumwangusha hata mbuzi, lakini ushauri tunao wa kujaza gunia. Asubuhi ile Nyati, bingwa wetu, alitoka ameshika kiuno, kajipinda upande kama mlango uliong'oka bawaba. Jumapili alikuwa apambane kwenye tamasha, na kocha alitaka jibu asubuhi hiyo hiyo: anapanda ulingoni au hapandi? Roho zilituruka.

— Kiuno kimekauka hicho, akasema Siagi, ambaye dawa yake ya kila ugonjwa ni samli. Bakuli asubuhi, bakuli jioni. Bandu bandu huisha gogo!

— Hiyo methali ni ya kumaliza, mzee, si ya kujenga, nikamwambia.

— Basi atamaliza samli!

Afande Ghorpade, polisi mstaafu, akagonga benchi.

— Samli itamwongezea kitambi bure. Kiuno ni tumbo! Alale chali, ainuke, alale, ainuke, mpaka aone nyota. Sisi kule depo...

— Afande, kitambi chako mwenyewe kinaingia mlangoni kabla yako, akasema Siagi.

— Hiki ni cha heshima!

Nikaona wananipotezea bingwa.

— Jamani, huyu kalala kichwa kaskazini. Nani asiyejua kwamba kunanyonya nguvu?

— Nililala kusini, Nyati akaguna.

— Basi kitanda kilizunguka.

— Wapi! akadakia Siagi. Wapinzani wamefukia ndimu na pilipili za uchawi ulingoni. Tufukue udongo wote. Mficha uchi hazai!

Mama Shevanta akacheka hadi chai ikafurika jikoni. Nyati hakucheka. Machozi yalimlengalenga, na kwa kweli nilimwonea huruma. Mwaka mzima alikuwa akiingoja Jumapili hiyo.

Mwisho wa benchi alikaa mgeni, mzee mwembamba aliyesubiri basi la Sangli. Akaweka glasi chini.

— Samahani, kijana. Lile rungu kubwa la mazoezi unalizungusha kwa mkono gani?

— Wa kulia, mzee. Rungu la Hanuman halishikwi kushoto. Ndiyo desturi ya hapa.

— Tangu lini?

— Tangu utoto.

— Upande mmoja miaka yote hiyo? Haya. Na huyo Hanuman wenu wa ukutani, ule mlima wa hadithini kaubeba mkono gani?

Picha tunayoiinamia kila alfajiri! Siagi akamtazama afande, afande akatazama chai yake. Mwishowe wote tukakimbilia mlangoni, tukisukumana.

Kulia, rungu. Kushoto, mlima mzima na miti yake.

Tulipogeuka, basi la Sangli lilikuwa limeshaondoka na mgeni wetu. Nyati akaingia ndani polepole, akalipita rungu kubwa, akachukua kale kadogo ka wanafunzi wapya kwa mkono wa kushoto. Akakainua. Kakatetemeka. Tukaangua kicheko, naye akacheka pia, huku kashika kiuno.

— Kocha! akaita. Jumapili sipandi. Maumivu yakiisha, nianzishe upya na haka kadogo. Pande zote mbili.

Nilirudi kwenye benchi nikamkuta afande kahamishia glasi mkono wa kushoto, na chai yote inamwagikia kitambi.