Uraiwan na Simenti ya Tanuru

Waheshimiwa watawa, majirani, na ninyi nyote mlioshika maua ya msandali mkingoja zamu ya kuyaweka kwenye jeneza, mimi naitwa Prasoet, mdogo wake marehemu, na nimepewa kusoma habari zake kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyekuwa akipita kwake mara kwa mara, jambo ninalolisema bila kumlaumu mtu, na kama nitateleza nikalaumu kidogo, mtanivumilia.

Dada yangu Uraiwan alizaliwa tarehe 14 Machi mwaka 2498 kwa hesabu yetu ya Kibudha, hapa hapa Kaeng Khoi, katika nyumba iliyotazama mlima ambao sasa nusu yake imeshasagwa kuwa simenti, akasoma shule ya msingi ya kijijini, kisha sekondari mjini Saraburi, na mwaka 2520 akapata shahada ya kemia huko Bangkok, akarudi na masanduku mawili ya vitabu na hasira zile zile alizoondoka nazo.

Tarehe 1 Juni mwaka huo aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha simenti, akapewa kazi ya kupima yale madini ya chokaa na alumini yaliyomo ndani ya simenti, ambayo ni machache lakini yana pupa, yakionja maji tu yanataka kushika hapo hapo, fundi hajainua hata mwiko, ndiyo maana huchanganywa na jasi ili yatulie. Wenzake walikuwa wakimwambia, "Dada Uraiwan, wewe ndiye ungetiwa jasi," naye akawajibu, "Nitieni, halafu tuone nani atawafanyia kazi zenu."

Alifunga ndoa tarehe 9 Februari 2522 na Thawin, fundi wa kujenga ukuta wa ndani wa tanuru la kiwanda hicho, mtu mcheshi, mkarimu, aliyependwa kuliko dada, na tarehe 3 Septemba 2524 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Anuchit, ambaye yuko mbele yetu.

Sasa nafika mahali ambapo wengi wenu mnaangalia chini. Mwaka 2535 shule yetu ilihitaji kantini kabla ya sherehe ya kuwapelekea watawa mavazi, siku zimebana, na Thawin akajitolea kwa moyo safi, akachukua mifuko ya simenti ya tanuru, ile ya kujengea kuta za moto, iliyobaki kazini, aliyoruhusiwa kuichukua, akamwaga nayo boriti za paa. Simenti hiyo imejaa madini yale yale kwa wingi, hukakamaa kwa siku moja, haiogopi moto, na ndiyo maana mtu wa tanuru huiamini kuliko nyingine zote, lakini penye joto na unyevunyevu kama wa kwetu fuwele zake hujipanga upya, zikawa ndogo zaidi, zikaacha matundu ndani, na zege likapungua nguvu mwaka hata mwaka huku kwa nje likionekana zima.

Uraiwan alipojua, paa lilikuwa limeshabarikiwa. Thawin alimpa nyundo mbele ya watu akamwambia, "Haya, piga! Nyundo ndiyo itakayovunjika." Akamjibu, "Leo, ndiyo. Mwanao atakula chini yake miaka mingapi?" Hakukawia wala hakumbembeleza mtu, alikwenda kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, paa likaamriwa kushushwa, na mafundi walipata taabu kubwa kulivunja, hata mpishi wa shule akawapigia kelele, "Nguvu zote hizo si mngelima mpunga!" Kijiji kizima kilicheka, na waliochekwa ni Thawin kwa kuoa na dada yangu kwa kusoma.

Mwezi Januari 2536 Thawin alihamia Rayong pamoja na mtoto, akisema hawezi kulala nyumba moja na mtu aliyebomoa thawabu yake. Hawakupeana talaka, hawakupeana chochote. Dada alibaki, akawa anakula amesimama jikoni, akidai kukaa mezani kunamchosha, na mtu aliyebisha hodi alimkuta ameshafika mlangoni.

Pande moja la boriti zile alilihifadhi nyuma ya nyumba, kando ya mtungi wa maji ya mvua ambapo hapakauki, na kila masika alilikwaruza kwa msumari. Mwaka 2541 nilikuwepo msumari ulipozama. Nilimpongeza, mjinga mimi, nikamwambia, "Dada, umeshinda!" Akauchomoa, akaufuta kwa kanga yake, akasema, "Nilikuwa naomba libaki gumu. Ningekuwa nimekosea, ningepanda basi kwenda kuwaomba radhi. Sasa niende Rayong kusema nini?" Nikamwambia aende tu, hata bila la kusema, akaniambia ninywe chai yangu.

Alistaafu mwaka 2558, na miaka miwili baadaye alijitolea kujenga upya ukuta wa ndani wa tanuru la hekalu hili, akitumia simenti ile ile, maana hapa ni mahali pake, pakavu na pa moto. Kamati ilipomharakisha, mwenyekiti akimwambia, "Mama, tunachoma maiti, hatuoki mikate," alimjibu, "Hata mkate mngeuunguza," akaendelea kukaa kwenye kigoda chake akiwasha moto mdogo, akiongeza kidogo kidogo, mpaka maji yote yalipotoka ukutani bila kuupasua. Thawin alifariki mwaka 2562, na dada aliletewa habari majivu yakiwa yameshatawanywa baharini.

Mwaka 2566 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, akatibiwa mjini Saraburi, akafariki alfajiri ya tarehe 22 Januari 2568, nikiwa nimemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa maabara waliokuja na sare zao, na jirani yake Bi Chalaem aliyempelekea uji bila kujali alivyofokewa.

Nilipompigia simu Anuchit, aliniuliza, "Mjomba, lile pande la boriti aliloliweka mama kabla hatujahama lilikuwaje?" Nikamwambia aje alishike mwenyewe. Asubuhi ya leo, kabla ya kunyolewa nywele na nyusi ili awe mtawa kwa siku hii ya kumchoma mama yake, aliliminya likamomonyokea vidoleni mwake, akakaa chini pale kando ya mtungi akalia kama yule mtoto wa siku za kantini ile.

Anuchit, leo umevaa vazi la njano kwa ajili ya mama yako, kwa hiyo mimi mjomba wako ndiye ninayekupigia magoti, na nina ombi moja tu. Ukuta ule aliujenga kwa mikono yake, na alisema usiharakishwe. Ukiwasha tanuru, anza na moto mdogo.

Dada, umefikiwa na mwanao, basi pumzika sasa, kwa amani, umeketi.