Nilivyofunguliwa Mikononi mwa Bima

Wapendwa, sifa kwa Bwana, zisikike mpaka kileleni mwa Meru! Mnanijua: mimi ni Baba Elia, niliyehitimu shule ya jioni hapahapa misheni. Leo nasimama kueleza jinsi nilivyoteswa na Bima.

Ndugu zangu, nilikuwa na gari la maksai nililonunua kwa Kaburu. Gari gani! Jekundu, refu kama kanisa, magurudumu yananipita kimo. Likishuka mteremko, wafu wa Moshono wanageuka kaburini! Nikabeba kahawa ya Mhindi mmoja mfanyabiashara wa bomani, kuipeleka kwenye reli Moshi.

Lakini kila safari Mhindi yule analizunguka gari langu, anatikisa kichwa: "Gari hili, bila ng'ombe hakuna bima. Bila bima hakuna mzigo!"

Nikajua Bima ndiye mkubwa wake, mzee wa chumba cha nyuma asiyetoka mpaka aone ng'ombe. Basi ng'ombe wetu pekee wa maziwa anafungwa uani kwao mpaka nirudi. Wanamkamua wao, na Elia wangu, aliyekosa maziwa ya mama tangu azaliwe, analia njaa! Halafu jirani yangu Lazaro, mwenye mkokoteni wa punda, anaacha mbuzi tu. Mbuzi! Huyo Bima ana nini na mimi?

Nikafunga, nikaomba. Ninyi wenyewe mlipaza sauti humu ndani: "Bwana, mguse Bima!" Kule uani nikamwamkia kila mwenye mvi, "Shikamoo, mzee Bima!" Wananikodolea macho tu.

Ndugu zangu, mtoto akalegea, macho yakazama. Mke wangu akambeba mgongoni, tukaenda mjini, akaingia jikoni kwa mke wa Mhindi ili amlilie Bima mwenyewe. Akatoka anacheka na machozi yanamtiririka.

"Baba Elia, hiyo shule ya jioni ilikuwa na taa kweli? Bima si mtu! Ni dhamana. Mzigo ukipotea mtoni, ng'ombe anakuwa wao. Wanaangalia gari! Lako refu, linapinduka. Gurudumu likivunjika, Arusha nzima hakuna fundi wake. Mkokoteni wa Lazaro uko chini, hata ukianguka magunia yanaokotwa."

"Sasa nimwombee nani?"

"Liombee gari lipate mnunuzi!"

Bwana akajibu kabla sijasema amina! Mzungu mmoja wa mashamba akaupenda ule wekundu, akalinunua pamoja na maksai wake. Nikapata mkokoteni mfupi na punda wawili wakaidi kuliko Farao. Mhindi akauzunguka, akauinamia, akasema, "Huu, mbuzi anatosha."

Ng'ombe akafunguliwa siku ileile! Elia huyu hapa, mzito kama gunia la kahawa, anampiga mama yake mateke.

Ndugu yangu unayekonda kwa kupambana na mtu usiyewahi kumwona, mtumaini Bwana, njoo tuombe pamoja. Hata tukikosea jina, Yeye anajua shida iko wapi. Sisi tuliomba amguse Bima. Yeye akaligusa gari!

Asanteni kwa kuniombea. Na mbuzi wangu yuko uani kwa Mhindi, anawamalizia maua. Amina!